Kiti Chenye Kava la Buluu

Mama Kibonge alikiona kiti kabla hajamsalimia shemeji yake. Gari lilikuwa limeegeshwa nje ya geti, milango imeachwa wazi litoke joto, na kule nyuma kilikuwa kimeshafungwa kiti cha mtoto. Kilikuwa kimegeuzwa kutazama nyuma, kama inavyotakiwa kwa mtoto mchanga, na kimevikwa kava la buluu.

"Umeamkaje, shem?"

"Salama. Hiki kiti kimetoka wapi?"

"Hata hujanionyesha mtoto, unaanza na kiti."

"Mtoto huyu hapa. Kiti?"

"Dukani," alisema Barafu, akainama kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. "Nimeshakikaza. Usihangaike kukigusa."

Hapo ndipo shaka ilipomwingia. Walikuwa wamekubaliana kwenye simu, tena Barafu mwenyewe ndiye aliyetoa wazo, kwamba asubuhi hiyo wangepitia dukani pamoja, mama achague kiti kwa macho yake, ndipo washike barabara. Sasa kiti kimefika kabla ya mteja. Na Barafu hakuwa mtu wa kubadili mipango. Alikuwa fundi wa majokofu, na jina hilo alilipata nusu kwa kazi yake na nusu kwa tabia yake: ukimwambia jambo la kuchekesha leo, atacheka keshokutwa, tena akiwa peke yake.

Siti ya mbele alishaketi mama mkwe, mkanda kifuani, mkoba mapajani, ametulia kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Ingia, mwanangu, jua lisitukute hapa. Baba mkwe wako tangu jana anauliza mmefika wapi."

Mzee huyo ndiye aliyekuwa sababu ya safari. Mwanawe mkubwa, mume wa Mama Kibonge, alifariki barabarani mtoto akiwa bado tumboni. Tangu mazishi mzee alipooza upande mmoja akawa mtu wa kitandani, na maneno machache aliyobaki nayo aliyatumia kumwulizia mjukuu. Ilikuwa safari ya kutwa nzima. Mama Kibonge hakutaka kuwa mkwe wa kusemwa, yule aliyemnyima mgonjwa kumwona mtoto wa marehemu kwa sababu ya kiti. Akapiga moyo konde, akampandisha mwanawe.

Alimfunga kama alivyofundishwa kliniki. Kwanza alimvua lile koti la sufi aliloletewa na bibi yake, maana nguo nene huudanganya mkanda. Akapitisha mikanda miwili juu ya mabega, akafunga kifungio katikati, akakaza. Mkanda wa kulia ulikubali. Wa kushoto ulikwama njiani, akauvuta tena, ukaja kwa kulalamika.

Muuguzi aliyewafundisha alikuwa mama mnene mwenye mizaha, aliyezungumza na wazazi kama anayegombana nao. "Kiti kikishapata ajali kimekufa," aliwaambia, "hata kama kinang'aa kama sahani ya mgeni. Nyufa nyingine macho hayazioni. Msimpandishe mtoto kwenye kiti msichokijua kimetoka wapi, hata mkipewa na malaika."

Amesema dukani, Mama Kibonge alijiambia. Akaketi nyuma, kando ya mwanawe, wakaondoka.

Kwa kawaida Barafu aliendesha gari kama mtu aliyeacha pasi kwenye umeme. Siku hiyo alikwenda mwendo wa harusi. Mabasi yaliwapita yakipiga honi, magari madogo yakawapita, mwishowe likawapita lori la matofali, na dereva wake akachungulia dirishani aone ni nani huyo.

"Leo umebeba mayai?" mama yake alimtania.

"Nimebeba mtoto."

"Mimi niliwabeba ninyi sita hapa mapajani, na barabara enzi hizo ilikuwa mashimo yaliyoshikana mikono. Kuna aliyeanguka?"

"Mimi," alisema Barafu. "Ndiyo maana nikawa hivi."

Mama mkwe alicheka hadi mkoba ukatikisika. Siku nyingine Mama Kibonge naye angecheka. Lakini alikuwa fundi cherehani, na macho ya fundi hayajui likizo. Muda wote yalikuwa yanatembea juu ya kava la buluu. Kwenye kona uzi ulikuwa umerudiwa mara mbili. Pindo la chini halikupitishwa kwenye mashine ya ovaloki, lilikunjwa na kumaliziwa kwa mkono, kwa sindano, na mtu mwenye subira. Hiyo haikuwa kazi ya kiwandani. Kuna fundi wa mtaani, tena mzuri, aliyeletewa kiti akaambiwa akivalishe. Sasa nani anakivalisha kiti kipya?

"Mama," alisema, akijifanya hana haja sana na jibu, "hivi Barafu alikinunulia duka gani hiki kiti?"

"Hakununua, alipewa. Si yule rafiki yake wa kazini? Mwanawe ameshakua, kiti kilikuwa kimekaa bure tu."

Kwenye kioo cha dereva macho ya Barafu yalikutana na ya shemeji yake, yakakimbia.

"Nilisikia umesema dukani, shem."

"Rafiki mwenye duka," alisema Barafu.

Mama mkwe akageukia dirishani, akaanza kusifu mashamba.

Mama Kibonge alimtazama mwanawe aliyelala, kidevu juu kidogo, mdomo wazi, akaanza kuhesabu mambo ambayo watu hawa wawili walikuwa wamemficha tangu awe mjane. Hakumaliza, kwa sababu mambo yaliyofichwa hayahesabiki. Barafu ndiye aliyeshughulikia kila kitu wakati ule: hospitali, polisi, gari. Hata siku moja hakumruhusu kwenda kuliona gari. "Hapana cha kuona, shem," alisema, naye alikuwa mjamzito na hakuwa na nguvu za kubishana.

Muuguzi alikuwa ameonya pia kwamba mtoto mdogo kiasi hicho asikae kitini muda mrefu. Kichwa huinama, kidevu hugusa kifua, pumzi ikabanwa bila hata kelele. Kwa hiyo Mama Kibonge alikuwa ameomba wasimame mara kwa mara. Ajabu ni kwamba hakuhitaji kukumbusha. Barafu alisimama kabla ya kuambiwa, nje ya duka moja la kando ya barabara lenye kibaraza cha mabati.

Alimtoa mtoto, akamnyoosha mapajani, akamnyonyesha, akamweka begani acheue. Kutoka pale kibarazani alimwona Barafu akifungua mlango wa nyuma. Alipitisha mkono nyuma ya kiti, akabonyeza kwa dole gumba mahali fulani, akaachia, akabonyeza tena. Kisha akainamisha kichwa akasikiliza, kama anavyosikiliza mashine ya jokofu lililogoma kugandisha.

"Kuna nini?" alimwuliza aliporudi.

"Nakagua mkanda."

"Si ulisema umeshakikaza?"

"Ndiyo maana nakagua. Nijue kama kweli nilikaza."

Kusimama kwa pili kukawa vilevile. Mlango, mkono, dole gumba, mahali palepale. Mama Kibonge alimtazama kwa pembe ya jicho. Mtu anayekiamini kitu hakibonyezibonyezi hivyo.

Waliporudi barabarani alishindwa hata kunywa maji. Aliweka mkono wake mmoja juu ya kiti, kana kwamba mkono ungeweza kukizuia kitu. Jua lilikuwa limeshapanda. Kibonge aliamka, akatazama huku na huku, hakuona alichokitaka, akaangua kilio.

"Mtoe umnyonyeshe," alisema mama mkwe. "Mnyonyeshe humohumo, tusipoteze muda."

"Gari likisimama, mama."

"Mtoto analia nawe unamtazama tu?"

"Namtazama. Simtoi gari likiwa linatembea."

"Basi nipe mimi huku mbele."

"Huko ndiko kabisa siko."

"Ninyi wa siku hizi mnalea kwa vitabu."

"Mimi nalea kwa hofu, mama," alisema Mama Kibonge, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyokusudia.

Barafu aliwasha taa ya kukunja, akaingia kituo cha mafuta.

Kilikuwa kituo kikubwa, chenye mgahawa pembeni. Mama Kibonge alimnyonyesha mtoto hadi akatulia, akamkabidhi kwa bibi yake kivulini. Barafu alikwenda kuomba upepo wa magurudumu. Mama Kibonge akasema amesahau kitambaa garini, akarudi peke yake, akaingia kiti cha nyuma, akatoa kwenye pochi mkasi mdogo wa kukatia nyuzi.

Alianzia kwenye kona. Fundi yule alikuwa amerudia mshono vizuri, lakini mshono ni mshono, ukijua pa kuanzia unafumuka. Akakata, akavuta, akakata. Kava la buluu likaachia kama ganda la ndizi.

Chini yake palikuwa na kava jingine, la rangi ya majivu.

Alikaa akiishika ile rangi kwa vidole. Aliijua. Mumewe alikuwa amempigia simu kutoka dukani, siku ileile ya mwisho, anacheka, anasema muuzaji amechoka na maswali yake. Kisha akamtumia picha: kiti cha rangi ya majivu, na kimto cha njano cha kichwa cha mtoto. "Nakifunga leo leo kwenye gari," alisema. "Nataka nizoee kuwa na mtu nyuma." Alikuwa amesimama kwenye njia panda akisubiri zamu yake, lori likaja kutoka nyuma likashindwa kusimama. Baada ya mazishi Mama Kibonge aliuliza swali moja tu kuhusu gari. Na kile kiti? Barafu akasema, kiliharibika chote, shem.

Kimto cha njano hakikuwepo. Palibaki nyuzi zake mbili za njano, zimekatwa. Kwa mbali, chini ya harufu ya sabuni, kulikuwa na harufu ya oili.

Akakiinamisha kiti mbele, akaingiza mkono nyuma ya sponji, pale dole gumba lilipokuwa likibonyeza. Kwenye plastiki nyeusi, kutoka tundu la mkanda wa kushoto hadi karibu na kitako, ulishuka mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea shati. Akabonyeza. Mstari ukafunguka, ukajifunga.

"Shem," alisema Barafu nyuma yake. "Ungeniita."

"Uliniambia kiliharibika chote."

Barafu alibaki amesimama.

"Nakuuliza wewe. Uliniambia kiliharibika."

"Nilikikuta kimekaa," alisema taratibu. "Gari lenyewe sitakwambia lilivyokuwa. Lakini kiti kilikuwa kimekaa mahali pake, kama kinamsubiri mtu. Ningekiachaje kwa wauza vyuma chakavu?"

"Ungekipeleka kwako. Ukakiweka sebuleni, ukakitazama hadi uchoke. Kwa nini mwanangu?"

"Niliona ni haki yake. Ndicho kitu pekee alichonunuliwa na baba yake."

"Na huu ufa?"

"Nyumbani niliona ni mkwaruzo. Njiani sikuona tena mkwaruzo. Kila tukisimama naona kama umeshuka kidogo."

"Ukaendelea kuendesha."

"Polepole," alisema Barafu. Kisha akakisikia alichosema, akaketi pale chini, mgongo kwenye gurudumu, mpira wa upepo bado mkononi.

Mama mkwe alikuwa amefika na mtoto. Alilitazama kava lililofumuliwa, akatazama uso wa mkwewe, akajua hakuna la kusingizia.

"Usimlaumu peke yake. Mimi ndiye niliyekipeleka kwa fundi," alisema. "Tuliogopa ungekitambua, ukaumia."

"Mngenificha hadi lini?"

"Hadi akue. Tungemwambia, hiki ulichokikalia ni cha baba yako." Akamsogeza mtoto kifuani. "Mwanangu naye nilimzaa mimi. Nilitaka mjukuu wangu akae mahali fulani ambapo baba yake alipashika."

Maneno hayo yalimchoma Mama Kibonge, na kwa muda hakuweza kuwakasirikia. Alimchukua mwanawe, akamweka begani.

"Haketi tena hapa, mama."

"Sawa, haketi. Lakini mzee anatusubiri, na unajua hali yake. Hapa tumeshafika zaidi ya nusu. Nitampakata mimi, nimkumbatie kwa mikono yote miwili. Barafu ataenda polepole."

"Mume wangu alikuwa amesimama, mama," alisema Mama Kibonge. "Lori ndilo lililokuwa linakwenda."

Mhudumu wa pampu alipiga honi ya mdomo kumwambia Barafu asogeze gari, wateja wanasubiri. Barafu akainuka, akajifuta suruali, akasema mji unaofuata una maduka, ataenda peke yake. Alifungua mlango wa nyuma, akakitoa kiti, akakiweka ukutani.

Walingoja kwenye mgahawa, kwenye meza ya pembeni, mtoto amelazwa chali juu ya benchi kati yao. Mama mkwe alimpigia simu mzee kumwambia watachelewa. Alisikiliza muda mrefu, maana mzee alihitaji muda kulipata kila neno, kisha akasema, "Nimesikia, baba watoto," akakata.

"Amesemaje?"

"Ameuliza kama mtoto ana afya. Nilipotaka kumweleza mengine, akasema tena hivyo hivyo."

Alikunja leso, akaikunjua.

"Wewe utatuamini tena?" aliuliza.

"Sijui, mama. Leo sijui."

Barafu alirudi na boksi. "Hata utepe sijaukata," alisema, na hakulifungua, alimpa yeye. Mama Kibonge alisoma kila upande wa boksi kama anayesoma hukumu, akachunguza utepe kama umewahi kubanduliwa, ndipo akakata. Alikagua ganda ndani na nje. Alivuta mikanda yote miwili, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, ikaja bila kulalamika. Kisha akakifunga mwenyewe garini. Barafu aliweka goti juu ya kiti kukikandamiza, naye akavuta mkanda hadi viganja vikamwuma. Alikitikisa. Hakikusogea.

Wakati huo mhudumu wa mgahawa, dada mwenye mimba kubwa na kitambaa cha kufutia meza begani, alikuwa amekisogelea kile cha zamani pale ukutani.

"Dada, hiki mnakitupa?"

"Tunakitupa."

"Basi nipeni mimi. Kaka yangu ana gari."

"Mpe, mwanangu," mama mkwe alisema upesi, na ilionekana wazo hilo limempunguzia mzigo. "Kisitupwe. Kimsaidie mtu."

"Kimepasuka," Mama Kibonge alimwambia yule dada. "Kilikuwa kwenye ajali."

"Mbona kizima? Nitakivalisha tu kava hili la buluu, nani atajua?"

"Ndivyo nilivyofanyiwa na mimi leo asubuhi."

Akamgeukia Barafu, akamwomba kisu. Barafu alisita. Alielewa anachotaka kufanya, na uso wake ukaomba asifanye. Halafu akaenda kwenye buti, akarudi na kile kisu cha kukatia mipira ya majokofu. Hakumpa tu. Alipiga magoti, akaushika mkanda wa kulia kwa mikono miwili, akauvuta ukakaza, ili ukatike vizuri.

Mama Kibonge alikuwa amekata vitambaa maisha yake yote. Mkanda ule ulikuwa mgumu kuliko kitambaa chochote, akaukereza mbele na nyuma, uzi baada ya uzi. Ukaachia. Wakahamia kwenye wa kushoto. Mama mkwe alikuwa amegeuza uso, akimwimbia mtoto wimbo usio na maneno.

"Roho mbaya tu hiyo," alisema yule dada, akaondoka akivuta ndala. "Mtu hataki, na mwenzake asipate."

Barafu alikibeba kiti, mikanda inaning'inia, akakisukumia ndani ya pipa kubwa la taka nyuma ya kituo. Alikaa huko muda mrefu kuliko unaomchukua mtu kutupa kitu. Aliporudi, uso wake ulikuwa umenawishwa.

Barabara ilikuwa imetulia sasa, jua limehamia upande wa pili wa gari. Kibonge alilala. Mama mkwe hakuzungumzia mashamba. Mama Kibonge alikitazama kisogo cha shemeji yake kwa muda mrefu kabla ya kufungua mdomo.

"Shem."

"Naam."

"Kuna jambo jingine mliloniwekea kava?"

Barafu alipita kona nzima bila kujibu. Mama yake alimtazama, akatikisa kichwa kidogo, yeye akaendelea kutazama mbele.

"Lipo moja," alisema. "Siku nilipokwenda kukitoa kile kiti, nilishindwa. Nilivuta, nilisukuma, wapi. Ikabidi niukate mkanda wa gari. Alikuwa amekifunga hasa, shem. Nadhani alikipigia magoti kama tulivyofanya leo. Gari lote lilijikunja, lakini kile kiti hakikuhama hata..."

"Basi."

"Samahani."

"Si kwamba sitaki," alisema Mama Kibonge. "Utaniambia tena. Usiniambie lote leo."

Alimwekea mwanawe kiganja kifuani, akakisikia kikipanda na kushuka. Mbele kulikuwa na mahali pana penye kivuli, kando ya barabara.

"Simama pale kidogo," alisema. "Mara hii ni kwa ajili yangu."

Mtoto alikuwa bado amelala. Barafu hakuuliza. Aliwasha taa ya kukunja.